Gari la Mzee Halipandi Mlima

Sensa nzima ya gari, kifaa kidogo cha kupimia presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini, ilikuwa mfukoni mwa ovaroli ya binti, imefungwa kitambaa, mwezi wa nne sasa. Mbovu ndiyo iliyokuwa ndani ya gari la baba yake, na aliyeiweka humo ni yeye mwenyewe, fundi.

"Bado tu halijapona?" mzee aliuliza, akijikongoja kutoka kwenye usukani. "Juzi nimepitwa na baiskeli, mwanangu. Tena baiskeli yenye kapu!"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Binti akazamisha kichwa chini ya boneti asije akatazamana na baba yake macho kwa macho.

"Ni ile sensa ya presha ya turbo, baba. Inaipa kompyuta habari za uongo, kompyuta nayo inaogopa, inaibana injini. Nimeagiza nyingine, haijafika."

"Haya. Hayo mambo yenu ya kompyuta, mimi simo." Akaenda zake kukaa kivulini.

Gereji ile aliifungua mzee huyo huyo, na ndiye aliyemfundisha binti yake kazi tangu namna ya kushika spana. Zamani alisimama tu mlangoni, akaisikiliza injini, akautaja ugonjwa wake kabla mwenye gari hajashuka. Sasa hakuomba hata kuiona hiyo sensa. Ni macho, binti alijiambia. Macho yamemwondolea hamu.

Na macho ndiyo yaliyoanzisha yote. Siku moja binti alisimama mbele ya gereji, baba yake akampita na gari hatua mbili tu, akaipungia mkono nguzo ya umeme. Mbele kidogo, mama mmoja mwenye ndoo aliruka mtaroni kujiokoa. Mzee hakupunguza mwendo, kwa kuwa hakumwona.

Nani angemwambia? Kaka mkubwa alijaribu, akafukuzwa mezani. "Siku mtakayoninyang'anya funguo," mzee alifoka, "mnichimbie na kaburi kabisa!"

Basi binti akabadilisha sensa. Gari likawa la kutambaa, sokoni na kurudi, taa ya injini ikiwaka kutwa. Halimpiti mtu, halipandi mlima.

Kila wiki mzee alilileta, na kila wiki binti alimdanganya. Uongo wa kwanza aliusema kwa shida. Wa kumi uliteleza kama grisi, na huo ndio uliomtisha zaidi.

Kisha shangazi akaruhusiwa kutoka hospitali, ng'ambo ya mlima. Mzee aliahidi kwenda yeye mwenyewe kumchukua dada yake. Hakutaka kusikia habari za basi wala teksi. Katikati ya mlima gari likamshinda, akageuza. Shangazi akabaki kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri, mfuko wa dawa mapajani, mpaka kaka mkubwa alipopata ruhusa kazini. Alifika nyumbani miguu imemvimba.

Binti alipokwenda kumjulia hali, shangazi alimshika mkono. "Wala usihuzunike, mama. Najua umehangaika na gari hilo kadiri ya uwezo wako."

Binti aliiacha chai aliyoandaliwa, akaaga.

Wiki hiyo mzee alipoleta gari, binti hakuzamisha kichwa. Aliing'oa sensa mbovu mbele yake, akaitoa nzima mfukoni, akaifunga mahali pake.

"Imefika?" mzee aliuliza.

"Sikuagiza kitu, baba. Hii ni ya gari hili hili. Niliitoa mimi, nikaweka mbovu makusudi ili usiende mbio. Huoni vizuri, na sikuwa na ubavu wa kukuambia. Shangazi ameteseka kwa sababu yangu. Nisamehe."

Mzee alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba ameangusha kitu humo. Binti angeona nafuu kama angetukanwa.

"Wewe," alisema mwishowe, chini kwa chini. "Miezi yote hii, kumbe wewe."

"Mimi, baba. Lakini leo litapanda mlima. Acha nikuonyeshe."

"Hakuna haja."

"Ipo. Nimekudanganya vya kutosha."

Akaunganisha mashine ya kupimia, akawasha injini. Namba ya presha ilisomeka vizuri. Akakanyaga mafuta. Namba ilipaswa kupanda, walau kidogo. Haikusogea.

Akakanyaga tena. Vilevile. Sensa hiyo alikuwa ameipima mara tatu, ilikuwa salama. Basi ilikuwa ikisema kweli. Presha haipo.

Akashuka, akaacha injini ikinguruma, akatega sikio. Kutoka chini ilisikika hewa ikivuja, fyuuu, kama mtu anayepooza uji. Miezi yote alijua gari lina kasoro gani, kwa hiyo hakuwahi kutafuta nyingine.

Akazima injini, akachukua tochi, akalifuata bomba la mpira linalopeleka hewa ya turbo kwenye injini, mpaka kwenye kibano chake. Hakikuwa kimelegea chenyewe. Kilikuwa kimelegezwa. Skrubu ilikuwa na alama mpya za bisibisi juu ya alama za zamani, na mpira ulikuwa umevutwa nje nusu kidole tu, na mkono wa mtu anayeijua kazi.

Akanyoosha bisibisi akikaze. Mkono wa baba yake ukaushika wa kwake.

"Kiache hivyo hivyo, mwanangu," mzee alinong'ona, akiwatupia jicho mafundi waliokuwa nje. "Ukikikaza, watu nitawaambia natambaa kwa sababu gani?"