Kopo la Vumbi la Breki

Mgeni alikuja kwa miguu. Hilo tu lilitosha kumfanya Dada Rimu ainue kichwa, maana kwenye uwanja wa kuoshea magari watu huja na magari.

Mkononi alishika kopo tupu la maziwa ya unga. Alisalimia vizuri, akangoja Dada Rimu amalize desturi yake ya kugonga gurudumu mara mbili kwa mpini wa brashi kabla ya kulisafisha, kisha akaomba kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiomba pale. Alitaka vumbi la breki.

"La nini?"

"La kupaka kwenye gurudumu, dada. Moja tu."

Mzee Mvua, aliyeshika mpira wa maji, akacheka. Alisema ameoshea watu magari tangu hajaota mvi, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuona uchafu unapata mteja.

Dada Rimu hakucheka. Breki inaposhika, pedi husagika, na unga wake mweusi huganda kwenye rimu. Ukiona magurudumu matatu ni meusi na la nne ni safi, breki ya hilo la nne haishiki. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Mama Brashi, mwanamke aliyempa kazi yote aliyoijua, kisha siku moja akaacha kuja bila hata kuaga. Mnunuzi anayejua mambo hutazama vumbi kwanza. Na muuzaji asiye na huruma hulipaka kwenye gurudumu bovu.

Mdogo wake Dada Rimu alinunua gari lililopakwa. Sasa anatembelea magongo.

Mgeni alieleza kwamba vumbi alilokuwa nalo limekwisha, akajaribu masizi ya jiko. Hayakufaa, yalitoka kwa maji matupu. "Aligundua papo hapo," alisema. "Akanikasirikia siku nzima."

"Nani aligundua?"

Mgeni akatazama viatu vyake. "Usichukie, dada, lakini anayajua magurudumu kuliko wewe."

Basi mnunuzi ni mjuzi, Dada Rimu akawaza. Amekataa masizi, sasa analetewa uchafu halisi. Alimkagua mgeni toka juu mpaka chini. Shati limepigwa pasi, sauti ya upole, na kucha nyeusi kama za fundi. Mtu asiye na gari amepata wapi kucha zile?

Kumfukuza kungekuwa rahisi, ila angeenda kuomba kwingine, na mtu fulani angepanda gari lisilosimama. Dada Rimu akasema atampa, kwa sharti moja: alione gari lenyewe. Namba zake angezipeleka polisi kabla ya mchana. Hilo alilimeza.

Mgeni alisita. Alipokubali, naye alitoa sharti lake.

"Lolote utakaloliona pale, usiseme neno. Hata moja. Niahidi."

"Nimekuahidi," Dada Rimu akajibu upesi.

Mzee Mvua akaguna kwamba huyo kuahidi kunyamaza ni sawa na kuku kuahidi kutodonoa.

Dada Rimu akakwangua tope jeusi la breki lililokauka chini ya ndoo yake, likajaa nusu kopo. Wakaondoka. Mgeni alitembea kwa haraka, akitazama saa kila kona. Alisema saa nne lazima gurudumu liwe tayari. Dada Rimu alikuwa nyuma yake hatua mbili, simu mkononi.

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba ndogo, chini ya turubai. Mgeni alifunua upande mmoja wa mbele tu. Rimu ile iling'aa kama kijiko kipya. Akachanganya vumbi na matone ya mafuta, akapiga magoti, akaanza kupaka kwa kidole, akijaza kila pembe. Hakuwa mtu wa kujifunza. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi.

Dada Rimu akasogea kusoma namba. Hapakuwa na namba.

Akainua turubai upande wa pili. Gari lilikaa juu ya matofali. Taa hazikuwepo. Viti havikuwepo, wala injini. Gurudumu lilikuwa hilo moja tu. Limechinjwa, akawaza, mwizi huyu ameuza kipande kwa kipande. Akafungua kinywa.

Mgeni akaweka kidole cheusi kwenye midomo yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yakiomba.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mwanamke mzee akatoka, ndoo mkono huu, brashi mkono ule, akalitazama gurudumu jeusi, na uso wake wote ukachanua.

"Wateja hawa," akamwambia mgeni. "Nimelisafisha jana tu. Wanaendesha wapi jamani?"

"Sijui, mama," mgeni akajibu. "Labda barabara ni mbaya."

"Na wewe kijana, mama yako hakutafuti? Kila siku uko hapa."

Akaketi kwenye stuli, akaligonga gurudumu mara mbili kwa mpini wa brashi, akainamisha sikio kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Ndipo akamwona Dada Rimu, akamtazama kwa muda, akatabasamu tabasamu ambalo watu huwapa wageni.

"Wewe binti ndiyo unaanza kazi leo? Umewahi kushika brashi?"

Dada Rimu, mwenye miaka kumi na miwili katika kazi hiyo, akatikisa kichwa kwamba hapana. Akapiga magoti kando ya Mama Brashi, akatoa mkono, akafundishwa upya jinsi ya kushika brashi.