Ukurasa Wenye Jina la Moroni

Kwenye bandari ya Mutsamudu, askari wa kisiwa kilichojitenga na serikali ya Moroni alifungua boksi la Rahmati. Ndani mlikuwa na vitabu arobaini vya kumkumbuka marehemu mumewe, vya kugawa kesho kwenye arobaini yake.

"Vimechapishwa Moroni. Chana ukurasa huu katika vyote, bibi, au vyote baharini," alisema askari.

Nyuma ya ukurasa huo ndipo lilipoandikwa jina la marehemu.

"Dola ya wiki tatu, tayari inaogopa karatasi!" alicheka Rahmati. "Nipishe, nichane mwenyewe."

Alichana kimoja kimoja, akifungia kurasa kwenye pindo la shiromani alilojitanda. Kwenye kitabu cha mwisho, askari alimshika mkono.

"Hicho usichane. Nipe mimi. Marehemu mzee ndiye aliyenifundisha kusoma."

Rahmati aliuchana ukurasa ule taratibu, kisha akampa kitabu.

"Basi jina lake unalijua."