Ua la Barafu la Mzee Ndetaulwa

Tangu iamriwe kila nyumba ilee kipande kimoja cha barafu ya mlimani isije ikaisha, friji la Aikaruwa halijawahi kuonja nyama. Mumewe, Ndetaulwa, aliokota chao akitembea mlimani msimu wa baridi: ua la barafu lililochipua kwenye shina la mti. Kila asubuhi alilisalimia kabla ya kumsalimia mkewe.

Mwaka juzi mzee alilazwa hospitali, umeme ukakatika, ua likayeyuka. Aikaruwa hakuwa na moyo wa kumwambia. Akagandisha maji kwenye majani ya kabichi, akabandua barafu yake, akaunda ua jingine. Mzee aliporudi alilisalimia vilevile.

Leo akaja mkaguzi wa barafu, binti mdogo.

"Tazama, mjukuu wangu," Ndetaulwa akajisifu, "halijazeeka. Si kama huyu."

"Na wewe hujapata akili," akajibu Aikaruwa.

Binti akainama, akaona mishipa ya jani, akagonga muhuri. Mlangoni akanong'ona, "Kabichi, bibi?"

"Kabichi. Usimwambie, litamuua."

"Simwambii. Kila nyumba niliyoingia ni kabichi au sukuma, ila lako ndilo zuri. Nitakuletea gunia zima la kabichi, bibi, utuundie mengine ya kupeleka mlimani. Kule juu halijabaki ua hata moja, na watalii wanapanda Jumatatu."