Oili ya Baba Rehema

Siku hizi oili ya gari hushika sauti ya anayeliendesha, na ikimwagwa, sauti nayo huenda zake. Ndiyo maana Mwasiti, tangu amzike mumewe, hakuwa amebadilisha oili ya pikapu yao.

"Mama Rehema, hii imekwisha," alisema fundi Mgaza, akimwonyesha kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa nyeusi kama kaniki. "Utakuja kuua injini."

"Niongezee kidogo, kama siku zote."

"Kuongeza si kubadilisha, mama. Na hii mpya ninayoongeza inashika sauti yako wewe, si yake."

Mwasiti alijifanya hajasikia. Fundi akaguna, akaongeza.

Alipofika nyumbani hakuzima injini. Humo garini ndimo alimozoea kukaa, akimsimulia mumewe mambo ya nyumba, naye akimjibu kwa sauti yake nzito: "Umekula lakini, mke wangu?"

Leo sauti ile ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyeamka na homa.

"Paa la jikoni linavuja," ilisema. "Rehema kanuna tena. Mbona umeniacha peke yangu na haya yote?"

Mwasiti akainamia dashibodi. Paa lilianza kuvuja baada ya mazishi. Maneno yale aliyasema yeye mwenyewe, humu humu garini, akilia.

"Baba Rehema?" akaita.

Injini ikanguruma kidogo, ikatulia. Kisha gari nalo likaita, kwa sauti ya mwanamke:

"Baba Rehema?"