Anwani Kwenye Jiwe la Marehemu

Noreen aliniburuta hadi makaburini, hapa mjini Broken Hill, akanionyesha jiwe jipya la mumewe. Kabla hajafa, marehemu alijitengenezea ukurasa wa mtandaoni kwenye seva yangu, kompyuta ninayowakodisha watu wahifadhi kurasa zao, na hakumwonyesha mtu; aliagiza tu anwani yake ichongwe kwenye jiwe. Mchongaji alikuwa ameikoroga anwani hiyo kwa kuchanganya herufi kubwa na ndogo, na ukurasa haukufunguka.

"Tumia herufi ndogo tupu, mama, utafunguka," nikamwambia.

"Wageni watafuata jiwe, mwanangu. Jiwe halifutiki. Seva yako je, nayo haibadiliki?"

Nikaketi kwenye kaburi la jirani, kompyuta mapajani, nzi wakinitambaa usoni. Nikaongeza mistari michache kwenye mipangilio ya seva: anwani yoyote ikija na herufi kubwa, igeuzwe kuwa ndogo, mgeni apelekwe huko.

"Jaribu sasa."

Noreen akaifuata kila herufi ya jiwe kwa kidole chenye vumbi jekundu, huku akiiandika kwenye simu.

Ukurasa ukafunguka. Sauti ya marehemu ikavuma makaburini: "Jamani, sasa mke wangu hawezi tena kunipiga, kwa hiyo nasema kweli. Pai zake, miaka yote, zililiwa na mbwa!"

Noreen akaifunika simu kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema, "irudishe seva yako ilivyokuwa."