Pedi Mbili za Breki

Fundi alishika pedi mbili za breki, moja kila mkono. Orijino ilikuwa nzito, uso wake mgumu kama kigae. Ile ya bei poa ilitoka kwenye boksi la kupendeza, na alipoikwaruza kwa ukucha ikamwachia unga mweusi kidoleni.

"Shemeji, sema basi," alisema mke wa kaka yake, ambaye gari lake hubeba wanafunzi. "Nikiweka hii ya bei poa nitakufa?"

"Hufi. Wengi wanaiweka. Kwenye tambarare hata hutaona tofauti."

"Na kwenye mteremko?"

Fundi akajifanya anatafuta spana.

Shemeji yake akacheka. "Unanizungusha kama mgombea kura. Kwenye gari lako umefunga zipi? Nifungie hizo hizo, yaishe."

Fundi alitazama nje. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaondoka na gari lao, akimpeleka mama mkwe wake kliniki. Pedi za gari hilo zilitoka kwenye boksi lile lile la kupendeza. Alizifunga akijiambia kuwa yeye ni fundi, atazikagua kila mara. Hajawahi kuzikagua.

Getini, kabla ya barabara kuanza kuteremka, taa nyekundu za nyuma ziliwaka, zikazima, zikawaka tena, zikazima, kama za dereva anayepampu breki mpaka zishike.

"Mwambie azime gari," alisema fundi kwa sauti ndogo, asijue anamwambia nani. Alikuwa ameshaanza kukimbia.