Pengo Kwenye Droo

"Asante kwa spana, dada. Nati iliyoning'ang'ania kama mkwe mkorofi imelegea," alisema jirani wa kambi ya pili ya mafundi wa magari ya mbio, akimpa Loretta kipande cha pai.

Loretta alicheka. "Basi nipe, nikairudishe."

"Mbona nilishairudisha? Nilikukuta uko chini ya gari, sikutaka kukusumbua. Nikaipangusa, nikailaza mahali pake."

Loretta aliweka pai juu ya toroli la alumini la zana, akavuta droo. Kila spana ilikuwa na kitanda chake, umbo lililokatwa kwenye sponji. Gari la mbio halitoki mpaka vitanda vyote vijae. Leo, kabla ya mbio kuanza, alikuwa ameona pengo moja, akadhani ni la ile aliyomwazima jirani, akampungia mkono mwanawe, dereva wake, aende.

Spana ya kuazimwa ilikuwa imelala pale, safi. Pengo lilikuwa la ile ndefu, aliyokuwa akiitumia chini ya gari.

Alipapasa sponji kwa vidole vyote.

"Kuna nini, dada?"

"Imo garini. Kwenye vyuma vya usukani. Akikata kona, itaukwamisha."

Jirani, mzee wa watu, alikuwa ameshaanza kukimbia na goti lake bovu, kumwendea mshika bendera asimamishe mbio.

Ng'ambo ya uzio, magari yalikuwa yanaingia kona.